Mjadala: Msimu wa kuwinda kulungu ufuate kalenda au ufuate hali ya hewa?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, hoja ninayoileta inahusu kulungu wa nchi za baridi, wale ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Huko Marekani misimu ya kuwawinda hupangwa kwa tarehe. Jimbo la Wisconsin, kwa mfano, lina msimu wa bunduki wa siku 9 unaofunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, yaani kati ya tarehe 17 na 23 Novemba, kuwe na theluji au kuwe na jua. Wapo wawindaji wanaotaka tarehe za namna hiyo zisogezwe mbele mpaka baridi iingie sawasawa, kwa sababu majira ya majani kupukutika yamezidi kuwa na joto. Mimi napinga, ingawa lalamiko lao nalielewa.

Ifikapo Novemba, kulungu mkia-mweupe amekwisha kuota manyoya mazito ya kijivu, ambayo nywele zake za nje zina uwazi ndani kama mrija na chini yake kuna sufi laini. Manyoya hayo huzuia joto la mwili lisipotee kiasi kwamba theluji ikimwangukia mgongoni hukaa bila kuyeyuka. Mnyama wa namna hiyo akipatwa na siku ya joto hana la kuvua. Hujilaza kivulini mchana kutwa na kutoka kula usiku, saa ambazo kwa kawaida kumpiga risasi ni marufuku. Mwindaji aliyekaa kwenye dungu tangu alfajiri hashuki jioni akisema kwamba leo palikuwa na joto. Hushuka akisema kulungu wamekwisha. Hasara ya pili haisemwi sana: pale ambapo makadirio ya idadi ya kulungu hutegemea hesabu ya waliowindwa, wikiendi moja ya joto inaweza kuonyesha upungufu ambao msituni haupo.

Hata hivyo, kinachowatembeza madume kuliko baridi ni majira ya kupandana, nayo huongozwa na kufupika kwa mchana, si kushuka kwa joto. Sehemu za kaskazini kilele chake huwa karibu katikati ya Novemba mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa mimba huchukua takriban siku 200, ndama huzaliwa majani mapya yamekwisha kuchipua. Anayesogeza msimu hadi Desemba ataipata baridi, lakini atakuta madume yametulia na yamekonda. Kuhusu mgandamizo wa hewa, ambao wengine huupima kila dakika kabla ya kutoka nyumbani wakiamini kwamba huwatembeza kulungu, sijaona hoja ya kutosha kuutungia sheria.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, umeandika kana kwamba windo ni dume tu. Idadi ya kulungu hudhibitiwa kwa kuwinda majike, na jike hatembezwi na kupandana kama dume, humtembeza njaa. Siku ya baridi kali hulazimika kula zaidi, hivyo huonekana malishoni jua lingali juu, na theluji changa huonyesha nyayo zake na hata mahali alipolala. Kama mamlaka zinalia kwamba kulungu wamezidi, wanakula miche ya misitu na kugongwa na magari, kwa nini majike yasiwe na msimu wao unaofuata baridi?

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mmeichukulia hali ya hewa kama jambo la kumrahisishia au kumtatiza mwindaji. Katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, magharibi mwa Wyoming, kulungu wenye masikio marefu kama ya nyumbu (yule chotara wa punda na farasi) walikufa kwa wingi, na ndama wa mwaka huo karibu wakaisha. Theluji ilikuwa nene, nayo ilikaa muda mrefu. Baada ya hapo idara ya wanyamapori ya jimbo ilipunguza vibali. Kwingineko ukame hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya: maji yakipungua, visubi huzaliana kwenye tope la kingoni na kueneza ugonjwa wa kutoka damu, ambao hukoma sakitu ya kwanza, yaani umande ulioganda, inapowaua visubi hao. Mizoga hukutwa karibu na maji mwezi wa Septemba, ilhali vibali vimekwisha kutolewa miezi kadhaa nyuma. Mnabishana kuhusu tarehe, na mimi naona kinachopaswa kubadilika ni idadi ya vibali.

Mwanzisha mada

Kuhusu majike nimekubali, kwa sharti moja. Theluji ikipita karibu nusu mita kulungu hukwama, nao hujikusanya chini ya misonobari wakitumia mafuta waliyojiwekea. Kuwafukuza hapo ni kuwamalizia akiba hata kama risasi haikumpata yeyote. Msimu wa nyongeza, basi, ufungwe theluji inapofika kipimo kilichotangazwa mapema. Suala la vibali ni gumu zaidi, kwa kuwa aliyekwisha kulipia kibali mwezi wa Juni atadai haki yake Oktoba. Ningependa mchangiaji wa pili aeleze kama anataka vibali hivyo vifutwe na fedha zirudishwe, au vihamishiwe mwaka unaofuata.