Kikundi cha parseli (kiwanja chetu), Majengo, Goma 🔌

Mama Furaha 06:12
Bwana asifiwe. Leo jumamosi saa kumi, chini ya avokati. Nyumba 6 kwa kontere (mita ya umeme) 1, nimechoka. Kila mutu aandike hapa anataka kampuni gani ya umeme. Musiniambie "tutaona".

Mama Furaha 06:40
Watu 11 wamesoma. Jibu 0.

Papa Jospin 07:03
Ile ya bei ndogo.

Fundi Espoir 07:09
Bei ndogo ya nini, Papa Jospin? Ya kuunganishwa, ao ya yuniti? Kuna mahali unaingia kwa pesa kidogo halafu yuniti njo inakumaliza. Chukua tiketi yako ya kununua umeme, gawanya pesa kwa yuniti ulizopata. Mfano tu: franka 10,000 ikikupa yuniti 16, unalipa 625 kwa yuniti. Tena ulizeni kama bei yao imeandikwa mu dola. Ikiwa ni dola, dola ikipanda yuniti za tiketi zinapungua hata kama hawajagusa bei.

Dada Mapendo 07:15
Chini ya avoka, mama. Avokati ni wakili wa tribinali 😂

Papa Jospin 07:16
Tutamuhitaji atetee frigo yangu

Mama Furaha 07:18
Acheni mchezo. Fundi, nani na nani wako hapa Goma?

Fundi Espoir 07:31
Tangu sheria ya 17 Juni 2014, siyo SNEL (ile ya serikali) peke yake inaruhusiwa kuuza umeme. SNEL inatuletea wa mto Ruzizi, kwa laini ya kutoka Bukavu. Virunga Energies iko na santrali ya maji ya Matebe kule Rutshuru, megawati 13, tangu 2015. Nuru iko na ya jua pale Ndosho, megawati 1.3, na betri. Kuko na SOCODEE pia.
Lakini msichague kwa jina. Tokeni mu avenyu mutazame poto (nguzo za umeme). Yule ambaye waya wake unapita mbele ya parseli njo utaanza naye. Mwingine atakudai poto na kabo yote ya kufika kwako.

Dada Mapendo 07:34
Poto ya mbele yetu iko na waya kama nywele za asubuhi 🙈

Mama Furaha 07:50
Nyumba ya 2? Nyumba ya 5? Nawaona muko onlaini.

Baba Riziki (nyumba 5) 08:22
👍

Mama Furaha 08:23
👍 ya nini???

Papa Jospin 08:41
Mimi umeme unaniisha siku 3 tu. Kontere inaiba.

Fundi Espoir 08:55
Kabla ya kusema inaiba: zima vyote mu nyumba zote 6, toa hata chaja. Tazama taa ndogo nyekundu ya kontere. Ikiendelea kumweka, kuna mutu amejipachika ao waya unavuja. Pale pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ikimweka mara 1000 umekula yuniti 1.
Halafu hesabu resho (jiko la umeme). Wati 1500 kwa saa 2 ni yuniti 3. Ampulu 4 za LED za wati 9, saa 5, hazifiki hata robo ya yuniti. Frigo ndogo inazunguka kwenye yuniti 1 kwa siku. Ni nani anapika maharagi na resho?

Dada Mapendo 08:57
Kimya 🤐

Papa Jospin 08:58
Makala ya kupikia imepanda bei, mulitaka nile mabichi?

Mama Riziki (nyumba 5) 09:20
Mbona hamusemi kwa nini kabo ya parseli iliungua? Dijonkteri (ile swichi ya kukata umeme ukizidi) ilikuwa inaanguka kila jioni, mutu akaenda kuweka ya ampere 32. Na pesa ya kabo mpya nilitoa mimi.

Papa Jospin 09:22
Tunarudi tena kule.

Fundi Espoir 09:30
Mama Riziki anasema kweli juu ya kabo. Dijonkteri inalinda waya, hailindi frigo. Waya wa mm² 2.5 mwisho wake ampere 20. Ukiweka 32, waya unapika ndani ya ukuta na dijonkteri inatazama tu. Ile ya kwanza, ya ampere 10, inabeba wati 2,200, kwa hiyo resho na pasi pamoja lazima ianguke. Haikuwa mbovu.

Mama Furaha 09:33
Ya zamani tuache. Nachangisha leo ya umeme mpya, kila nyumba dola 15.

Koko Balume 11:04
Nimesoma yote. Hakuna kuchanga kabla Mama Riziki arudishiwe dola 40 zake za kabo. Parseli ni yangu, na ile dijonkteri iliwekwa mimi nikijua. Nitatoa 20. Jospin atatoa 20.

Papa Jospin 11:47
Sawa Koko.

Mama Riziki (nyumba 5) 11:50
Aksanti Koko 🙏

Mama Furaha 12:15
Basi Koko, kampuni gani?

Koko Balume 12:40
Espoir atazame poto.

Fundi Espoir 14:05
Nimetazama. Waya za kampuni mbili zinapita. Nashauri kontere 1 kubwa ya kampuni, na ndani kontere ndogo 6 za kwetu. Kila mutu asome yake jumapili jioni, alipe yuniti zake. Jumla ya ndogo itakuwa chini kidogo ya kubwa, ile tofauti ni taa ya uwanja na hasara ya waya, tugawane. Lakini kama kampuni inapandisha bei ukipita yuniti fulani, kontere 1 itatuumiza, bora 6 mbali mbali. Hiyo lazima iulizwe ofisini, siyo kwa yule kijana wa kona.
Na masi (waya wa kupeleka umeme unaovuja mu udongo): hapa ni lava, ile fimbo yake haiingii. Tuchimbe mufereji, tulaze shaba tupu, tujaze udongo mweusi.

Mama Furaha 14:07
Nani ataenda ofisini jumatatu?

Mama Furaha 15:10
Nani?

Nyumba 2 15:52
Mimi naweza ila siyo jumatatu

Fundi Espoir 15:58
Niko chini ya avoka. Ufunguo wa sanduku ya kontere uko kwa nani?

Papa Jospin 16:31
Si ulikuwa kwa Mapendo

Dada Mapendo 16:33
Mimi??