Mwanafalsafa wa fizikia, kompyuta na metafizikia: msomi au mtalii?

Mleta mada: Wakuu, mchukueni Hilary Putnam, mwanafalsafa Mmarekani aliyefariki 2016. Udaktari wake wa 1951 alisimamiwa na Hans Reichenbach, bingwa wa falsafa ya fizikia. Baadaye tunamkuta kwenye hisabati, mara kwenye akili na kompyuta, mara kwenye metafizikia, anauliza ni vitu gani hasa vipo. Mwanafizikia ana maabara, mhandisi wa akili mnemba (AI) ana mashine inayofanya kazi au isiyofanya. Huyu ana kiti tu. Chuo kinamlipia nini?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mwaka 1960 yeye na mwanamantiki Martin Davis walitoa njia ya kukagua kama fomula ya mantiki inaweza kuwa kweli. Njia hiyo iliboreshwa 1962, na ndiyo mzazi wa programu zinazokagua sakiti za chipu leo. Kiti hicho kimezaa.

Mleta mada: Hapo alikuwa mwanahisabati. Nionyeshe falsafa yenyewe.

Mchangiaji wa pili: Haya. Miaka ya 1960 alidai kwamba maumivu au imani hutambulikana kwa kazi yake, si kwa nyama iliyoibeba. Kwa hoja hiyo, hata mashine inaweza kuwa na akili. Wengi wanaotetea akili mnemba leo wanaimba wimbo huo bila kujua nani aliutunga.

Mleta mada: Na 1988 akaukana mwenyewe! Miaka ishirini inafutwa hivihivi.

Mchangiaji wa pili: Soma kwa nini aliukana. Mwaka 1975 alituomba tuwazie sayari pacha ya Dunia, yenye kimiminika kinachoonekana na kuonja kama maji, ila kikemia ni kitu kingine. Watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, vichwa vyao havina tofauti. Wote wanasema "maji". Lakini kila mmoja anataja kitu chake. Basi maana haikai yote kichwani. Nyingine iko nje, kwenye vitu tunavyovigusa na watu tunaosema nao; kwa hiyo kazi inayofanyika ndani ya kichwa peke yake haitoshi kueleza imani. Sasa itazame programu iliyolishwa maandishi matupu. Inapoandika "maji", inataja nini? Hakuna maabara itakayokujibu kabla hujaamua "kutaja" kitu maana yake ni nini.

Mchangiaji wa tatu: Mimi naungana na mleta mada upande mmoja. Mwaka 1968 Putnam alipendekeza tubadili kanuni za mantiki ili fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, ieleweke. Waliomfuata ni wachache, naye baadaye akaachana na pendekezo hilo. Aliyelipeleka swali la kwanta mbele ni John Bell, mwanafizikia, 1964. (Ingawa, tuseme ukweli, wenzake wengi walimwona anapoteza muda na falsafa.)

Mleta mada: Hilo la maji limenikwamisha, sibishi. Ila mashine ikifungwa kamera na mikono, ikachota maji yenyewe, hoja yenu bado inasimama?