Uso umevimba miezi mingi baada ya kuchomwa fila: nianzie wapi?

Binti_Pangani: Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoyafahamu magonjwa ya ngozi. Mwanzoni mwa mwaka huu nilichomwa fila (sindano za kujaza ngozi ili uso uonekane mnene) mashavuni na chini ya macho katika kliniki moja ya urembo hapa Dar es Salaam, na kwa miezi yote iliyofuata sikuona tatizo lolote. Wiki iliyopita nilishikwa na mafua makali yenye homa. Yalipoanza kupoa, shavu la kushoto likavimba, kisha la kulia nalo likafuata. Nikiamka ngozi huwa na joto na imekaza, na chini ya jicho kuna kivimbe kama punje ya maharage kinachouma nikikibonyeza. Ninaona vizuri, ninapumua vizuri, na homa imeisha. Kliniki wanadai fila haiwezi kuleta shida baada ya muda wote huo, kwamba ni aleji ya chakula, na wananishauri nikande kwa maji ya moto. Duka la dawa wamenipa amoksilini, lakini sijaanza kuimeza. Je, niwaamini?

Mkwezi: Pole sana, dada. Aleji ya chakula inayochagua kuvimbisha pale pale palipochomwa sindano ingekuwa aleji ya ajabu.

Tabibu_wa_Ngozi: Pole, dada. Usikande wala usiminye. Maelezo yako yanafanana sana na mchochota uliochelewa (uvimbe, joto na maumivu yanayoletwa na kinga ya mwili), ambao hutokea wiki au miezi kadhaa baada ya sindano, na kwa fila zisizoyeyuka unaweza kutokea hata baada ya miaka. Fila nyingi za siku hizi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Kinga ya mwili inaweza kuivumilia kwa muda mrefu, kisha mafua, maambukizi ya jino au chanjo yakaiamsha, ikaanza kuishambulia jeli hiyo. Mwezi Desemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopitia majaribio ya chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, ilibainisha washiriki wachache waliovimba uso au mdomo ambao waliwahi kuchomwa fila. Hiyo si sababu ya kukimbia chanjo, kwa kuwa visa hivyo ni nadra na hutibika.

Hata hivyo, mimi sijakuona, na maambukizi ya bakteria yanaweza kufanana na hali hii. Ndiyo maana amoksilini ya kubahatisha haifai: ikiwa ni maambukizi, daktari ndiye atakayechagua dawa na muda wake, ikiwa si maambukizi, anaweza kukupa stiroidi (dawa za kutuliza mchochota) za kumeza kwa muda mfupi, au kuiyeyusha jeli kwa sindano ya kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi. Kimeng'enya hicho hakiyeyushi silikoni wala fila za kalsiamu, kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa ni ulichomwa nini. Jambo jingine: kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, basi mweleze daktari kuhusu joto, ugumu na maumivu, asije akasema haoni kitu.

Binti_Pangani: Shikamoo daktari, na asante sana. Kadi ya fila, yenye maelezo ya nilichochomwa, sikupewa. Je, nina haki ya kuidai?

Tabibu_wa_Ngozi: Marahaba. Idai kwa maandishi: jina la bidhaa, namba ya toleo, kiasi na sehemu zilizochomwa. Boksi la sindano huwa na stika zenye taarifa hizo, ambazo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Wakikosa kukupa, kipimo cha ultrasaundi ya ngozi kinaweza kusaidia kutambua aina ya fila, ingawa si kila hospitali ina mtu aliyezoea kukisoma. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa ngozi. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa ukanda huu.

Mama_Wawili: Kuna dalili gani za kutosubiri miadi?

Tabibu_wa_Ngozi: Ulimi kuvimba au kupumua kwa shida, kuona ukungu ghafla, ngozi kupauka au kuwa na mabaka ya rangi ya zambarau, usaha, au homa kurudi. Moja kati ya hizo ikitokea, aende idara ya dharura usiku huo huo.

Binti_Pangani: Nimeshawaandikia kliniki, na kesho asubuhi ninakwenda hospitali. Amoksilini nitaibeba kama ilivyo, nimwonyeshe daktari.