Naomba ushauri: tafsiri ya kaulimbiu ya uchaguzi wa Norway, 1933

Wakuu, salaam. Naandaa makala fupi kuhusu uchaguzi wa bunge la Norway wa 1933 na nimekwama kwenye maneno mawili tu.

Chama cha Labour kiliingia uchaguzini ukosefu wa ajira ukiwa umekithiri, kikipiga kampeni kwa kaulimbiu "Hele folket i arbeid". Kilipata viti 69 kati ya 150, yaani pungufu ya viti saba tu kufikia wingi, na bado hakikuunda serikali. Kilisubiri hadi Machi 1935, kilipoelewana na chama cha wakulima, ndipo Johan Nygaardsvold akawa waziri mkuu.

Kaulimbiu nimeijaribu kama "Wananchi wote kazini". Rafiki yangu kaisoma, akauliza kama ni tangazo la usafi wa mtaa! "Ajira kwa wote" inaeleweka, ila ile "folket" (yaani wananchi, umma) inapotea.

Kwa hiyo naomba kujua: ninyi mngeitafsirije? Na yale maelewano ya 1935, nikiyaita "muafaka", msomaji hatafikiria Zanzibar, CCM na CUF, badala ya mpango wa kuwanusuru wakulima na wasio na kazi?