Mjadala: Usangu ilitafitiwa, kisha ikaamuliwa kinyume. Je, utafiti wa fani nyingi uwe sharti la kisheria?

Ndugu zangu, naiweka hoja hii mezani ili mwenye kuipinga aipinge: uamuzi wa kuhamisha watu au kugeuza matumizi ya mto kwa jina la kuhifadhi maji usitekelezwe mpaka wataalamu wa fani mbalimbali wachunguze kwa pamoja, na mwenye mamlaka ajibu kwa maandishi kile walichokikuta. Wapo watakaouita huu urasimu. Nawaomba kwanza tuitazame Usangu, bonde lililoko mkoani Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania.

Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu, ulianza kukauka kila kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maelezo yaliyoenea upesi yalikuwa ng'ombe: wafugaji wameingia kwa wingi, wameikanyaga Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, nayo inakufa, ndiyo maana hata umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu huko chini ya mto unasuasua. Yaliingia akilini kirahisi, kwa sababu kila fani ikiwa peke yake ilikuwa na kipande cha kuyaunga mkono. Wa mifugo akihesabu, atakuta ng'ombe ni wengi. Wa wanyamapori atakuta mto mkavu. Unganisha viwili hivyo, mshtakiwa umeshampata.

Mradi wa SMUWC, wa usimamizi endelevu wa ardhi oevu ya Usangu na vyanzo vyake, uliomaliza kazi mwaka 2002, uliwaweka pamoja watu wa haidrolojia, kilimo, mifugo, ikolojia na jamii. Jibu lao likawa jingine. Ihefu ni kama beseni: maji hutoka tu yakipanda juu ya mwamba wa Ng'iriama, ulio kwenye mdomo wake. Kiangazi maji yalichepushwa huko juu, kwenye mabanio (vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji mferejini) ya skimu za umwagiliaji, na mifereji mingi iliendelea kuachwa wazi hata mpunga ulipokwisha kuvunwa. Kinachoingia kikipungua, hakuna kinachovuka mwamba. Na Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, kwa hiyo hadithi ya umeme nayo haikusimama vizuri.

Ukafuata mradi wa RIPARWIN, wa kuongeza tija ya umwagiliaji na kuyaachia maji matumizi mengine, uliohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza. Hapa ndipo naona faida yenyewe ya kuchanganya fani. Mabanio ya zege yalijengwa ili maji yatumike kwa ufanisi. Kumbe yaliwapa wa juu uwezo wa kuchota zaidi kuliko walipokuwa na mabanio ya miti na mawe, na ugomvi na wa chini ukaongezeka. Zaidi ya hapo, maji yaliyohesabiwa kuwa "yanapotea" kutoka kwenye majaruba ya mmoja ndiyo yaliyokuwa yakimwagilia majaruba ya jirani aliye chini yake. Mhandisi anayepima skimu moja haoni hilo. Anahitaji mwenzake wa kuuliza: haya yaliyotoka hapa, yananywewa na nani? Ndipo wakatengeneza ubao wenye mteremko, gololi zikisimama badala ya maji, wakulima wa juu na wa chini wakaucheza pamoja na kujadiliana mgawo wao. Naupenda sana ubao ule.

Kisha ikaja 2006. Wafugaji na mifugo yao wakaamriwa kuondoka Usangu. Operesheni ikaendelea hadi 2007 na wengi wakaishia Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Taifa Ruaha. Mto uliendelea kukauka kiangazi.

Wapinzani wangu wana hoja tatu ninazozijua. Ya kwanza, kwamba utafiti wa aina hii unachelewesha. Lakini hapa jibu lilikuwepo miaka minne kabla. Ya pili, kwamba serikali ndiyo inayoamua, si maprofesa. Nakubali kabisa, ndiyo maana nasema ijibu, sisemi itii. Ikiwa na sababu nyingine za kuamua, izitaje.

Ya tatu ndiyo nzito: timu za mchanganyiko hutoa kazi nyepesi, kila mmoja akiandika sura yake na jalada likiwaunganisha. Ni kweli, hutokea mara nyingi mno. Lakini tazama Bali, Indonesia, ambako mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walijenga modeli moja ya kompyuta, si sura mbili. Iliwaonyesha kwamba ratiba za mahekalu ya maji, yanayowapangia wakulima zamu za kumwagilia, zilisawazisha mgawo wa maji na udhibiti wa wadudu kwa wakati mmoja. Mipango ya miaka ya 1970 ya kulima mpunga mfululizo ilikuwa imeivuruga ratiba hiyo, na wadudu wakalipuka. Hakuna kati yao ambaye angefika hapo peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua bodi za maji za mabonde na jumuiya za watumia maji. Mimi ningeliweka sharti hili huko, na ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya jumuiya hizo kabla haijapelekwa wizarani. Mwenye kuona liwekwe kwingine aseme wapi na kwa nini. Na anayeamini kuwaondoa wafugaji kulikuwa sahihi kwa ajili ya maji, namwomba atuonyeshe ni kipimo gani cha mtiririko wa kiangazi kilichopanda baada ya wao kuondoka.