Mombasa kwa SGR, Ijumaa hadi Jumapili, bila gari (kikundi cha familia)

Mwanaisha: Asalaam aleikum jamaa. Agosti shule zikifungwa tunataka tushuke Mombasa kutoka Nairobi Ijumaa, turudi Jumapili. Mimi, Baba Salma na watoto watatu: Salma miaka 9, Idi 6, Yusra miezi 20. Gari hatuna, na la kukodi sitaki. Treni tu. Nipangieni.

Hamisi: Waaleikum salaam dada. Tuanze na nauli. Tangu Januari 2024 ekonomi ni 1,500 mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, 750. Chini ya miaka 3 ni bure, ila hana kiti, atakaa magotini. Kwa hiyo nyinyi ni 3,000 na 1,500, jumla 4,500 kwenda, 9,000 kwenda na kurudi.

Mwanaisha: Na daraja la kwanza?

Hamisi: 4,500 mkubwa, 2,250 mtoto. Yaani 13,500 kwenda pekee. Nafasi ya miguu ni kubwa zaidi na viti ni viwili viwili kila upande. Ekonomi ni vitatu upande mmoja, viwili upande wa pili, watu wanatazamana, meza katikati, na mgongo wa kiti haulali nyuma. Lakini kwa familia ya viti vinne, ule upande wa viwili kwa viwili ni kama chumba chenu. Mkiupata, hakuna mgeni atakayekaa baina yenu.

Mwanaisha: Nitauchagua vipi?

Hamisi: Ukikata tiketi kwa simu, kwa *639#, huchagui. Mfumo ndio unaokupa. La kufanya ni kukata tiketi zote kwa mkupuo mmoja, kwa simu moja. Ukikata zako leo na za Baba Salma kesho, mtatawanywa mabehewa mawili. Halafu andika kwanza kwenye karatasi majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, nambari zake, na umri wa watoto. Ile menyu ya simu haisubiri mtu anayetafuta kitambulisho mkobani, ikikatika unaanza upya. Ukishapewa nafasi, lipa M-Pesa papo hapo, usiiweke hadi jioni.

Shangazi Rehema: Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipigwe picha viwe kwenye simu. Vitambulisho vyenu ni vile vyenyewe, si picha. Langoni hutazamwa jina la kitambulisho na la tiketi.

Nuru: Dada Mwanaisha, mbona usichukue ya usiku? Mnalala ndani, mnaamka Mombasa, mmeokoa siku.

Shangazi Rehema: Nuru mwanangu, hiyo ya saa nne usiku inakushusha Miritini, stesheni ya Mombasa, mwendo wa saa kumi, hata adhana ya alfajiri haijaingia. Nyumba ya kupanga hawakufungulii saa hizo. Watoto watatu, mabegi, giza, na viti havilali. Siku iliyookolewa yote wataimalizia usingizini.

Hamisi: Naunga mkono. Zipo tatu: ya asubuhi saa mbili, ambayo husimama vituo vya njiani, ya alasiri saa tisa, na hiyo ya usiku. Ya alasiri inafika usiku pia. Kwenda, chukua ya asubuhi. Inachelewa kidogo kwa sababu ya kusimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingineko, lakini mnapita Tsavo mchana. Mwafika Miritini kama saa nane, na nyumba nyingi hupokea wageni kuanzia saa nane. Saa zenyewe zithibitishe kwenye tiketi, maana ratiba hubadilishwa. Tiketi huandika 0800 na 1500, msije mkaisoma vibaya.

Mwanaisha: Ndovu wanaonekana kweli au ni picha za matangazo?

Ami Saidi: Wanaonekana, lakini si kila safari. Baada ya Mtito Andei ndipo watoto wakae macho. Ukielekea Mombasa, Tsavo Mashariki iko kushoto na Magharibi iko kulia. Ndovu wa huko ni wekundu kwa udongo wanaojirushia, kwa hiyo waambie watoto watafute wekundu, wasitafute kijivu. Reli imeinuliwa juu ya tuta na chini yake kuna mapito ya wanyama, basi wakati mwingine wako chini kabisa ya dirisha. Kabla ya hapo, toka Kibwezi, milima ya Chyulu iko kulia.

Nuru: Na reli ya zamani iko pale pale kando. Idi atauliza mbona ni nyembamba. Ile ni ya mita moja, hii ni milimita 1,435.

Mwanaisha: Haya. Sasa kutoka nyumbani Umoja hadi Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi, saa mbili asubuhi, Ijumaa.

Hamisi: Hapo ndipo watu hukosea. Anza kuhesabu ukirudi nyuma: treni saa mbili, mko langoni saa moja, mnatoka nyumbani saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Msipite tauni, katikati ya jiji. Teksi ipite Outering, ishuke Airport North Road hadi Cabanas, kisha Mombasa Road. Ikipita saa kumi na mbili na nusu Outering imeshafunga. Kuna treni ndogo inayotoka stesheni ya zamani ya tauni kuunganisha na SGR, ni nzuri kwa anayekaa karibu na tauni. Kwenu ni kuzunguka.

Mwanaisha: Saa nzima kabla, ya nini? Si ni kuingia tu?

Hamisi: Si kuingia tu. Nje ya jengo mabegi yanapangwa chini mstari mmoja, nyinyi mnarudi nyuma, mbwa anapita akinusa moja moja. Mkiruhusiwa mnachukua, mnaingia kwenye skana, halafu tiketi na kitambulisho. Kundi moja likiwa mstarini, kundi la nyuma linangoja. Ukifika dakika ishirini kabla, foleni yenyewe inakula dakika ishirini.

Shangazi Rehema: Mbwa hugusa begi kwa pua. Mswala, kanzu na nguo za kuswalia ziwe ndani ya begi lililofungwa, zisining'inie nje. Na Idi aambiwe mapema kuhusu mbwa, asishtuke akakimbia.

Hamisi: Vya kuacha nyumbani: kisu cha matunda, mikasi, dawa ya mbu ya kupuliza, kiberiti, mtungi wa gesi hata ule mdogo. Dawa ya mbu chukua ya kupaka.

Mwanaisha: Kigari cha Yusra?

Nuru: Kiache. Ngazi za behewa ni za kupanda, na ndani njia ni nyembamba, hata toroli la vinywaji likipita mtu anavuta goti. Kanga ya kumbebea mgongoni inatosha. Mombasa pia njia za miguu zina mashimo na maduka yametoka nje, kigari utakibeba wewe.

Shangazi Rehema: Mabegi matatu, yasizidi. Mawili ya mgongoni na moja la kuvuta, la ukubwa wa kuingia rafu ya juu ya kiti. Begi kubwa halina pa kukaa ekonomi, litakuwa njiani kila mtu analiruka. Begi la tatu ndilo la safari, likae miguuni: maji, chapati, ndizi, nepi, tishu, chupa tupu ya chooni. Sweta pia, ndani huwa baridi wakiwasha eyakondisheni.

Mwanaisha: Shangazi, tukifika Miritini?

Shangazi Rehema: Miritini si tauni. Mnavuka Changamwe ndio mwingie kisiwani, na malori ya bandari yako njia hiyo hiyo. Mkitoka nje kila mtu atawaita. Kuna matatu za kuingia tauni, husubiri zijae, na begi likikaa kitini unalilipia. Tuktuk ni ya watu watatu nyuma. Nyinyi ni watano na mabegi, mtachukua mbili, na mbili zinakaribia bei ya teksi. Kwa hiyo siku ya kufika na siku ya kurudi mchukue teksi. Siku za katikati ni matatu na tuktuk. Teksi ya simu iitwe mkishatoka nje, mkiwa na mizigo yote mkononi, si mkiwa bado jukwaani.

Mwanaisha: Nimeona nyumba nzuri Nyali, ina bwawa.

Shangazi Rehema: Kwa mwenye gari. Asiye na gari Nyali ni kulipa tuktuk kila mkitoka getini hata kwenda kununua mkate, na Jumapili mnavuka daraja la Nyali halafu Makupa ndio mfike Miritini. Kwangu mngelala, ila nyumba imejaa wageni wa harusi mpaka Jumatatu, nisameheni. Tafuteni Ganjoni au Kizingo, hapo kisiwani. Mnatembea kwa miguu hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, na Fort Jesus ni tuktuk fupi.

Nuru: Muulize mwenye nyumba mambo haya kabla ya kutuma pesa: ni ghorofa ya ngapi na lifti ipo, tangi la maji lina ukubwa gani, vitanda vina neti, feni ziko kila chumba. La mwisho, na ndilo kubwa: Jumapili mkitoka saa nne asubuhi, mabegi atayaweka wapi hadi saa sita unusu? Akisema hapana, tafuta mwingine. Maji ya kunywa nunueni, ya kisima yana chumvi.

Ami Saidi: Hamjaongea bahari. Hiyo Ijumaa ni mwezi mpevu, kwa hiyo mtakuja katikati ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana.

Mwanaisha: Maana yake kwetu ni nini ami?

Ami Saidi: Bamvua la hapa maji hupwa asubuhi kama saa nne na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Jumamosi yenu basi yatapwa karibu saa tano, yajae kuelekea saa kumi na moja jioni. Mkienda ufuo wa Pirates saa nne asubuhi kama wafanyavyo wageni wengi, mtakuta mwani na mawe, bahari iko mbali huko, na watoto watakanyaga miiba ya baharini. Nendeni saa nane unusu, maji yanaingia, mchanga bado upo. Saa kumi na moja mtoke, kwa sababu maji ya bamvua yakijaa ufuo unabaki mwembamba na umati wote unasogea pamoja.

Ami Saidi: Na Agosti ni kusi. Upepo unavuma, maji si ya moto kama Disemba. Watoto wavae fulana majini. Yusra asiingie zaidi ya magoti yako.

Nuru: Basi Jumamosi asubuhi wekeni Haller Park, kivulini. Yalikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, yakapandwa miti hadi yakawa msitu. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Wahini ya saa tano. Matatu za Mtwapa hupita langoni, mwambie kondakta mapema. Haller na Pirates zote ziko upande wa barabara ya Malindi, mnaruka kutoka moja hadi nyingine kwa nauli fupi.

Hamisi: Lipa makumbusho, yaani Fort Jesus, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu langoni ni shida. Fungua akaunti nyumbani, nenosiri ulijue. Kitambulisho kinahitajika ili mlipe kama wenyeji.

Nuru: Fort Jesus ni Jumapili saa mbili kamili, inapofunguliwa. Juu ya kuta hakuna kivuli, saa nne jua limeshawasha. Kuta zingine hazina ukingo wa kutosha, Idi ashikwe mkono. Salma atapenda tarehe: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Mkitoka mnaingia Ndia Kuu, Mji wa Kale, kwa miguu. Muda wa saa moja na nusu unatosha na watoto.

Mwanaisha: Na feri ya Likoni? Idi ameshaisikia.

Ami Saidi: Anayevuka kwa miguu halipi. Lakini si Ijumaa jioni, watu wanarudi Likoni kutoka kazini, mtasukumwa. Ijumaa kaeni Mama Ngina mle mihogo na kachri, muangalie meli zikiingia Kilindini. Feri ni Jumapili saa kumi na mbili unusu asubuhi, nenda na urudi. Kaeni kando, mbali na mlango wa magari, msishuke mpaka isimame kabisa.

Mwanaisha: Jumapili ni nyingi hivyo? Treni ni saa tisa.

Shangazi Rehema: Inawezekana mkifunga mabegi Jumamosi usiku. Feri, Fort, Mji wa Kale mpaka saa tatu unusu au saa nne, mrudi nyumbani kuoga na kutoa mabegi, chakula saa tano. Kisiwani mtoke saa sita unusu, si saa saba. Lori moja likilala Changamwe, nusu saa imekwenda. Ukaguzi wa Miritini nao ni kama wa Syokimau. Ikiwa mmechelewa kuamka, feri ndiyo ya kukata, Fort ibaki.

Hamisi: Mtafika Syokimau usiku. Teksi mpange na mtu mnayemjua, nambari ya simu mkononi, maana abiria mia kadhaa wataita gari dakika moja. Nitakuja kuwasubiri mimi na gari la jirani kama litapatikana, nitasema Jumamosi.

Mwanaisha: Ahsanteni. Natuma 9,000 kwako Hamisi, ukate zote pamoja kwa simu yako?

Hamisi: Kata wewe kwa simu yako, ujumbe wa tiketi uje kwako. Langoni mimi sitakuwepo. Na tiketi ya kurudi ikate leo leo: Jumapili alasiri wakati wa likizo ndiyo inayojaa kwanza, kabla hata ya Ijumaa. Ikikosekana ya alasiri, chukua ya asubuhi ya Jumapili, halafu Fort ihamie Ijumaa... hapana, Ijumaa mtafika saa nane. Fort iwe Jumamosi saa mbili, na twiga muwawahi saa tisa badala ya saa tano.

Ami Saidi: Na Pirates?

Hamisi: Twiga saa tisa, Pirates saa kumi. Maji yatakuwa bado yanajaa kwa hesabu yako ami.

Ami Saidi: Sawa, lakini saa moja tu, kisha watoke.

Mwanaisha: Ya alasiri ipo! Viti vinne, behewa moja. Nalipa.