Miaka 10 ya ndoa Paris: bistro ya menyu ya kuonja usiku, pale pale mchana, au bistro ya kawaida?

BabaNuru
Habari za jioni wandugu. Naomba ushauri, na muda wangu ni mfupi. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, nampeleka Paris. Tunaishi Brussels, kwa treni ni saa moja na nusu hivi tumefika. Nimepata bistro (mkahawa wa Kifaransa) ndogo kule arrondissement ya 11, yaani wilaya ya 11 ya jiji, viti 24 tu. Usiku wanatoa menyu ya kuonja peke yake: sahani 6, mpishi ndiye anayeamua, euro 78 kwa mtu. Mchana wana sahani 3 kwa euro 36. Halafu ipo bistro ya zamani jirani na hoteli yetu, ile ya menyu ya ubao wa chaki, unachagua mwenyewe. Nafasi ya usiku wamenishikia mpaka Alhamisi, baada ya hapo wanataka namba ya kadi. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

Mhasibu_Kilimani
Hongera kwa miaka 10. Lakini umeacha mambo ya msingi. Bajeti yenu ni ngapi kwa jumla? Mnafika siku gani? Mnakunywa mvinyo ama hamnywi? Hiyo 78 ni chakula pekee. Ukichukua mvinyo wa kuandamana na kila sahani, ongeza 45 ama 50 kwa kila mtu. Weka maji ya chupa na kahawa, mtatoka hapo mmelipa karibu 270. Mchana, wawili nyinyi, hata 100 hamfikishi. Mpishi ni yule yule, jiko ni lile lile. Mimi ningeenda mchana bila kufikiri mara mbili.

Mwanamvita
Na wifi yetu anakula nini? Hilo ndilo la kwanza, pesa baadaye. Menyu ya kuonja ni kama kualikwa kwa mtu: unakula ulichoandaliwa. Kwa Wafaransa nguruwe hajitokezi wazi kila mara. Utaletewa dengu zimekaa vizuri, kumbe zimekaangwa na vipande vya nyama yake. Sema kwanza.

Bi_Rehema
BabaNuru, nikueleze yaliyotupata ili upime mwenyewe. Mwaka juzi mume wangu alinipeleka mahali kama hapo, Paris hiyo hiyo, ng'ambo ya kushoto ya mto Seine. Jina silitaji. Sahani 7. Tuliketi mezani ilipofika saa moja na nusu ya usiku, mtoto tumemwacha hotelini na dada yangu.

Kwanza tuliletewa supu baridi ya njegere kwenye kikombe kidogo kama cha kahawa chungu ya vibarazani. Tamu, sikatai. Ikaja chaza mbichi. Mimi sikuweza, mume wangu akala zote mbili kwa kunisitiri. Kisha tukakaa dakika 40 hatuoni kitu ila mkate na siagi. Siagi ile mpaka leo naikumbuka: ya manjano iliyokolea, chumvi yake ya punje unaisikia inavunjika kwenye meno. Tukamaliza kikapu, wakaleta kingine, tukamaliza na hicho. Njiwa alipofika tumeshajaa mkate, naye kifua chake chekundu, damu inachuruzika kwenye sahani nyeupe. Nikamwomba mhudumu amrudishe motoni. Akanijibu kwa upole kwamba mpishi humpika hivyo. Nikala viazi.

Baadaye akaja na jibini, akauliza tu, "Mngependa?" Tukasema ndiyo, tukidhani ni katika zile saba. Ilikuwa nyongeza ya euro 14 kila mtu. Uyoga wa trufeli aliotuparuzia juu ya sahani nao ulikuwa nyongeza, na bei yake hatukutajiwa. Tulitoka saa sita na robo ya usiku, mtoto amelia hadi amelala. Njiani tukasimama kununua chipsi. Siku ile ilikuwa yangu na mume wangu, na nusu yake niliimaliza nikitazama saa.

Mhasibu_Kilimani
Pole sana dada. Hizo nyongeza ndizo nilikuwa nasema. Kila mara uliza: hii imo kwenye bei ama haimo?

Kaka_Goma
Jambo kwenu wote. Niko jikoni hapa Paris mwaka wa sita. Nilianza kwa kuosha vyombo, leo nasimamia samaki. Bi Rehema, pole. Kutokutaja bei ya nyongeza ni kosa, hata sisi kazini tunagombezwa kwa hilo.

Lakini nieleze kwa nini mikahawa midogo inapika hivyo. Kwetu jikoni tuko wanne, na chumba cha baridi ni kama kabati. Mpishi anaagiza samaki kulingana na idadi ya watu waliobuku: watu 24, vipande 24. Hakuna kinacholala, na samaki unayemla jioni aliingia mlangoni asubuhi ile. Ukimpa kila mgeni achague kati ya vyakula kumi na viwili, lazima uweke akiba ya vyote, na nusu ya akiba inakwenda kwenye pipa. Wageni wanne wasipotokea bila taarifa, faida ya usiku ule imekwenda. Ndiyo sababu wanaomba kadi.

Kuhusu kushiba: kwetu tunapima gramu 70 za samaki kwa mtu, lakini jumlisha sahani sita, siagi na mkate. Anayeondoka na njaa mara nyingi ni yule aliyeletewa vitu viwili asivyokula. BabaNuru, hesabu saa mbili na nusu mpaka tatu mezani. Kama mmoja wenu hapendi kukaa sana, nenda mchana. Ila hakikisha: mikahawa mingi ya aina hii hufunga Jumamosi na Jumapili, au Jumapili na Jumatatu. Unafika lini?

Mzee_wa_Kisutu
Vijana, bistro yenye menyu ya kuonja si bistro. Nilikaa Paris nikisoma, miaka minne. Bistro ni kaunta ya bati, ubao wa chaki, supu ya vitunguu yenye jibini iliyoungua juu, mayai na mayonezi, na ng'ombe wa bourguignon aliyeiva mpaka kijiko kinamkata. Unaingia, unasema "Bonjour" kwanza (usiposema hilo umeshaharibu), unakaa, unakula, unaondoka. Mpeleke mkeo Bouillon Chartier, Faubourg Montmartre, iko pale tangu 1896. Mhudumu anakuandikia hesabu kwenye karatasi iliyotandikwa mezani. Hiyo ndiyo Paris.

Kaka_Goma
Shikamoo mzee. Chartier naipenda, wazazi wangu walipokuja niliwapeleka. Ila kuna foleni, na meza mnaweza kukalishwa na wageni msiowajua. Kwa miaka 10 ya ndoa sijui kama inafaa. Na hili la bistro kupika vyakula vya hali ya juu halikuanza jana. Yves Camdeborde alitoka jiko la hoteli ya Crillon, akafungua La Régalade mwaka 1992 kule arrondissement ya 14, mbali na watalii. Upishi wa hoteli kubwa, bei ya mtaani, meza zimebanana. Wapishi vijana wengi wa arrondissement ya 11 wamepita njia ile ile aliyofungua yeye.

Mzee_wa_Kisutu
Marahaba mwanangu. Camdeborde namjua. Lakini yeye alikupa uchague.

Mhasibu_Kilimani
Na bakshishi je? Mimi niliacha asilimia 15 nikaambiwa nimelipa mara mbili.

Kaka_Goma
Ufaransa bei iliyoandikwa kwenye menyu tayari ina huduma ndani yake, ni sheria. Ukifurahi acha euro chache. Na maji ya bomba ni bure, sema "une carafe d'eau". Usione haya, sisi wenyewe tunayanywa.

BabaNuru
Asanteni sana, nimesoma yote. Tunafika Ijumaa jioni, tunarudi Jumapili. Bajeti ni euro 200 kwa mlo huo. Hatunywi pombe na hatuli nguruwe, samahani kwa kutosema. Na mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ndiyo maana nataka iwe sasa, kabla mtoto hajafika.

Mwanamvita
Mashallah! Kaka, jambo kama hilo huliweki mwisho! Chaza mbichi hapo hakuna. Nyama yenye damu hakuna.

Kaka_Goma
Hongera ndugu. Hapa mambo yote yanabadilika. Wajawazito hapa Ufaransa wanaambiwa waepuke samaki mbichi, nyama isiyoiva, maini ya bata yasiyopikwa kikamilifu, na jibini laini za maziwa mabichi. Camembert halisi ya Normandie ni ya maziwa mabichi. Comté ngumu iliyokomaa haina shida, ila ganda lake aache. Katika menyu ya sahani 6 inawezekana kabisa tatu zikawa na kimojawapo.

Ila usikate tamaa. Piga simu leo, si jioni ya kwenda. Pigia kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, huduma ya mchana imekwisha, ya usiku haijaanza. Sema: "Ma femme est enceinte. Pas de porc, pas d'alcool, rien de cru." Yaani mke wangu ni mjamzito, hatutaki nguruwe, pombe wala kitu kibichi. Kwetu tukiambiwa siku tatu kabla tunapanga upya kwa moyo mweupe. Tukiambiwa mgeni ameshakaa, anaishia kuletewa boga la kuoka.

Bi_Rehema
Na mchuzi wa mvinyo? Hilo "pas d'alcool" wataelewa ni la kwenye glasi tu.

Mzee_wa_Kisutu
Mvinyo ukichemka pombe inaondoka.

Mwanamvita
Haiondoki yote mzee wangu, na kwetu suala si kulewa, ni kile kilichotiwa chunguni. Na huyo ng'ombe wa bourguignon unayemsifia anapikwa kwa chupa nzima ya divai. Hata supu ya vitunguu wengi huitia.

Mzee_wa_Kisutu
Hilo kweli. Basi samaki wa meunière: unga, siagi, ndimu, majani ya parsley. Hana mvinyo, na kikaangoni anaiva mpaka ndani. Hapo ubao wa chaki unamshinda mpishi wako wa sahani sita.

Kaka_Goma
Hapo mzee umenishika. Bi Rehema, kweli, BabaNuru aongeze "même dans les sauces", yaani hata kwenye michuzi. Lakini kuna jambo moja: sahani sita ndogo, zinazokuja polepole, kwa mama mjamzito asiyeweza kula kingi kwa mara moja, ni raha. Shemeji yangu alikula hivyo kwetu akiwa na miezi sita, akafurahi kuliko sisi sote.

Mhasibu_Kilimani
Mchana Jumamosi wako wazi? Kama wako wazi, mjadala umekwisha.

BabaNuru
Kwenye ukurasa wao imeandikwa mchana ni Jumanne hadi Ijumaa. Jumamosi ni usiku tu. Nimepiga simu mara mbili, haipokelewi. Mke wangu nimemuuliza, anasema popote nitakapochagua, lakini angependa siku moja kati ya hizo ale ndizi na pondu (kisamvu). Brussels tunajua kwa kwenda, Matonge. Paris je?

Kaka_Goma
Château Rouge, arrondissement ya 18, metro laini ya 4. Jumamosi asubuhi nenda mapema, kabla ya saa nne, mtaa haujajaa. Ndizi utazikuta barabarani kwenye makasha, na majani ya muhogo yapo yaliyotwangwa tayari.

Bi_Rehema
Kaka Goma, samaki wakavu nao wapo?

Kaka_Goma
Wapo, dada. Wa ziwani na wa baharini. Chagua waliokauka vizuri, wasionata mkononi.